Fundi Aliyerudi Nyumbani kwa Niaba Yangu

Kaptembwo, Nakuru
14 Agosti 2025, mwaka wa thelathini na tatu tangu nitoke Sachangwan

Kwa Bwana Ogola,
Mwenyekiti, Chama cha Mafundi wa Pikipiki,
Uwanja wa nyuma ya kinu cha unga, Kaptembwo.

Bwana Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mafundi wote walio chini ya mabati yako. Natumaini mvua ya juzi haikuwazamishia spana. Mimi ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: fundi wenu Gedion ametengeneza pikipiki yangu, na imepona.

Naomba usicheke kabla hujafika mwisho. Najua mezani kwako hufika malalamiko ya kila namna: pikipiki iliyoingia na vioo viwili ikatoka na kimoja, tangi lililoingia limejaa likatoka linalia kama ngoma. Mimi nalalamika kutoka upande wa pili. Pikipiki yangu ilikuwa mbovu, nami nilikuwa nimeridhika nayo hivyo, na sikumtuma mtu yeyote aiponye. Ili unielewe, niruhusu kwanza nikueleze jinsi ilivyokufa.

Ni pikipiki ya Kijapani ya miaka ya sabini, yenye silinda mbili, niliyoinunua kwa mmishonari aliyekuwa akirudi kwao. Kiki yake iling'oka kabla hatujajuana, kwa hiyo ilikuwa ikiwaka kwa kitufe tu. Ukibonyeza, starta huzungusha gia ndogo, na gia hiyo huamsha injini. Gia yenyewe huzunguka juu ya pini, na pini hukaa ndani ya kishikio cha alumini, kinene kama kidole gumba, kilichoumbwa pamoja na kava la injini. Asubuhi moja ya Machi 1992, wakati vita vya kikabila vilikuwa vinatukaribia na majirani wengi wa kabila langu walikuwa wameshafunga mizigo, nilibonyeza kitufe nikasikia kitu kama mtu anayetafuna kokoto. Kishikio kilikuwa kimevunjika. Gia ilikuwa imelala upande, inasaga meno bure.

Mke wangu Edinah na watoto walikuwa wametangulia kwa lori. Mimi nilibaki nyuma kufunga nyumba. Jirani yangu Kiprugut, ambaye siku hizo hakupaswa kuonekana na mtu kama mimi barabarani, alikuja, akaweka mikono yake miwili nyuma ya kiti, akanisukuma kwenye mteremko wa shamba hadi injini ikashika. Sikuweza kusimama kumuaga, maana ningesimama ingezima. Nikapaza sauti huku nikitazama mbele, nikamwambia kwamba nitarudi siku ambayo pikipiki hii itawaka yenyewe, bila kumvunja mtu mgongo.

Ndivyo nilivyosema, na mimi ni mtu wa kushika neno langu. Tangu hapo Kiprugut hunitafuta kila mwezi unapoanza. Kabla ya simu za mkononi alikuwa akiwatuma madereva wa malori ya viazi. Hanisalimii kwanza. Huuliza: "Imewaka?" Nami hujibu: "Bado." Baada ya hapo ndipo tunapojuliana hali.

Utaratibu huo ulitufaa sote wawili. Yeye alikuwa na tumaini, mimi nilikuwa na sababu. Sasa, Bwana Mwenyekiti, yasome makosa ya Gedion.

1. Aliingilia mteja wa mwenzake. Kwa miaka mingi nimekuwa mteja mwaminifu wa Jeff, mwanachama wenu, ambaye nilimchagua kwa uangalifu mkubwa. Jeff hajawahi kutengeneza kitu kikakaa. Kila nilipoona Edinah ameanza kunitazama kwa jicho fulani, nilimwita Jeff. Alikuja na gundi ya chuma, akakibandika kishikio, akabonyeza kitufe, kikabanduka, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaenda zake. Familia iliona juhudi. Huo ndio ufundi unaojua mteja anataka nini.

Kati ya juhudi moja na nyingine, pikipiki ilikaa sebuleni. Edinah aliifumia vitambaa vyeupe, kimoja cha tangi, kimoja cha kiti, na vidogo vya usukani, sawa na vile vya makochi. Wageni waliweka vikombe juu yake. Mchungaji mmoja mgeni aliwahi kuiwekea mikono na kuiombea kwa muda mrefu, akidhani ni mgonjwa aliyefunikwa. Hatukumkatiza.

Mwezi uliopita nilikwenda Webuye kwenye mazishi ya binamu yangu. Niliporudi, vitambaa vilikuwa vimekunjwa juu ya kochi na sebule ilikuwa na nafasi ya kuchezea densi. Edinah alikuwa amemwita Gedion. Nilipomuuliza kwa nini, alisema amechoka kupepeta mchele akiwa ameegemea ekzosi.

2. Alifanya kazi nzuri kupita kiasi. Sisemi kwa kusikia. Nilifungua kava mwenyewe nikakagua, nikitumaini kuona kasoro. Alikuwa amelichemsha kwa maji ya sabuni hadi mafuta yote ya zamani yakatoka. Alikuwa amelipasha moto polepole lisije likapasuka, kisha akachomelea kishikio kipya kwa alumini aliyoikata kwenye pistoni ya trekta iliyozeekea Ndabibi. Akampelekea mtu wa mashine ya kukereza, wakatoboa tundu la pini kwa kulilinganisha na tundu la upande wa pili, si kwa kufumba jicho moja kama afanyavyo Jeff. Akatia bushi ya shaba. Pini imesimama wima kama kijana aliyekwenda kuposa.

Nilibonyeza kitufe. Iliwaka. Ili nisimwonee, nilizima nikabonyeza tena. Iliwaka tena. Majirani walitoka nje wakapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimefurahi.

3. Alitoa maoni ambayo hakuombwa. Gedion alimwambia Edinah, kisha akauambia uwanja mzima, kwamba kishikio kile hakikuchoka. Kilipigwa. Anasema alama ya jiwe iko nje ya kava, na kidole chako kinaweza kuihisi. Bwana Mwenyekiti, kwa miaka yote hii nimewaeleza watu kwamba alumini ikizeeka katika baridi kama ya Sachangwan hupasuka yenyewe. Nimesoma vitabu viwili vitatu juu ya jambo hilo, na maelezo yangu yalikuwa yamekubalika mtaani. Leo watoto wa Kaptembwo wananisimamisha njiani kuniuliza ni nani aliyenipigia pikipiki. Fundi kazi yake ni kuponya mgonjwa. Upelelezi una watu wake.

4. Aliijaribu. Naifahamu kanuni yenu iliyoandikwa ubaoni kwa rangi nyekundu, kwamba pikipiki iliyolala muda mrefu lazima ijaribiwe hadi mahali ilipofia, na ikizima pale, fundi aanze upya. Ni kanuni ya busara kwa pikipiki zilizofia sokoni. Lakini Gedion alimuuliza Edinah yangu ilifia wapi, na Edinah, ambaye hasemi uongo hata unapohitajika, akamwambia: Sachangwan, kwenye lango letu, mkabala na kwa Kiprugut. Akaongeza kwamba kule ni baridi. Akampa koti langu refu la mvua na kofia yangu ya ngozi, ile ya kufunga kidevuni.

Kwa hiyo kilichopanda mlima siku ile, kikiyapita malori ya Salgaa, kilikuwa pikipiki yangu, koti langu na kofia yangu. Mimi tu ndiye niliyekosekana.

5. Alipokelewa. Kiprugut ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, lakini masikio yake ni mazima. Aliisikia injini ikiwa bado kwenye barabara kuu. Alimwacha ng'ombe akiwa nusu amekamuliwa, akaja akasimama langoni. Na Gedion, kwa kufuata kanuni yenu, alifika pale langoni, akazima, akabonyeza kitufe. Pikipiki ikawaka yenyewe mbele ya Kiprugut. Nakuomba uweke kalamu chini ufikirie jambo hilo lilionekanaje.

Gedion anaapa kwamba alijaribu kujieleza. Alisema, "Mzee, mimi ni fundi tu." Kiprugut akamjibu, "Najua. Fundi wa kukawia." Akamshika mkono, akampeleka ndani, akampa kibuyu cha mursik kilichojaa hadi mdomoni. Kwa adabu za kule, mtu hazungumzi akiwa na maziwa ya mwenye nyumba mdomoni. Gedion akameza. Alipomaliza kumeza, kondoo alikuwa ameshachinjwa.

Majirani wakaja. Wao wanaona vizuri, na waliona wazi kwamba mtu huyu wa miaka thelathini na kitu hawezi kuwa mimi. Lakini nani angemwambia mzee aliyengoja kiasi kile, na mafuta tayari yanalia motoni? Walinyamaza wakala. Mama Cheruto wa kanisani akaanzisha wimbo. Kiprugut akampapasa Gedion shavu akasema Nakuru imenitunza vizuri. Gedion akaulizwa hali ya Edinah, akasema yupo na ukali wake. Akaulizwa kuhusu mgongo, akasema unauma kidogo. Anajitetea kwamba hakusema uongo hata mara moja, na nimekagua maneno yake yote, ni kweli hakusema. Hilo linanikera zaidi.

6. Kondoo. Dume lile lilikuwa langu. Kiprugut hufuga dume moja kwa ajili ya siku yangu, na likizeeka huliuza akaweka jingine. Nimekwisha kurudi katika akili yangu mara nyingi, na kila mara nilimla kondoo huyo. Gedion amemla kweli. Zaidi ya hayo alirudi na ngozi, na Edinah ameitandika juu ya kiti cha pikipiki mahali pa kitambaa. Anasema ina joto.

7. Hili ndilo kubwa. Baada ya kula, Kiprugut alimtenga na watu, akavuka naye hadi kwenye shamba langu. Nyumba haina paa. Viazi vimepandwa mpaka kwenye ua, lakini ndani ya ua hakuna kilichoguswa, na mlango wangu wa mwerezi ungali umesimama katika fremu yake, kwa kuwa Kiprugut huupaka mafuta kila baada ya mvua. Pale mlangoni, Kiprugut alivua kofia, kisha akamwambia Gedion jambo ambalo alikuwa amelihifadhi kwa ajili yangu tangu siku ile.

Nimemwomba Gedion aniambie jambo hilo. Nimemwomba kwa upole, kwa ukali, na kwa chapati. Huyu Gedion, ambaye hakuweza kunyamaza kuhusu alama moja kwenye kava langu, ghafla amekuwa kaburi. Ananiambia, "Mzee, hilo si langu. Lilipotea njia tu. Lifuate mwenyewe."

Hebu fikiria, Bwana Mwenyekiti. Maneno niliyowekewa tangu 1992 yamelala kichwani mwa kijana wa uwanja wako, kati ya bei ya plagi na matokeo ya mpira.

8. Kutokana na yote hayo, mimi siwezi tena kurudi. Mtu harudi nyumbani mara mbili. Kwa hesabu ya kule Sachangwan nimekwisha kufika, nimekunywa, nimeimbiwa, nimeambiwa, na nimeondoka jioni ileile nikisema nawahi kuirudisha pikipiki ya mwenyewe, maneno ambayo inasemekana yaliwachekesha watu sana. Nikienda leo nitakuwa mgeni aliyevaa koti la Sitati, yaani langu mwenyewe. Na kuna jambo jingine, ambalo naliandika kwa herufi ndogo: Agosti imeingia, tena imefika katikati, na Kiprugut hajapiga simu. Kwa nini apige? Swali lake limejibiwa. Nimekaa na simu hii mkononi tangu tarehe mosi, na sikujua kwamba swali moja la neno moja linaweza kumwachia mtu pengo namna hii.

Kwa hiyo naleta maombi yafuatayo mbele ya kamati yako.

Kwanza, Gedion aamriwe kukivunja kishikio alichokitengeneza, kwa kiwango kilekile cha zamani na upande uleule, na Jeff ateuliwe kuthibitisha kwamba hakitengenezeki.

Ikiwa kamati itaona ni vigumu kuharibu kazi nzuri, basi Gedion aendelee alipofikia. Kwa kuwa ameanza kurudi kwa niaba yangu, amalizie. Ahamie Sachangwan, apalilie viazi, azoee baridi, agombane na Kiprugut juu ya mpaka na kupatana naye kabla ya Jumapili, awe mzee wa kanisa, na wakati wake ukifika azikwe pale kwa jina langu. Mimi nitabaki hapa Kaptembwo nikiwa Gedion. Niko tayari kujifunza kazi. Nadhani nitakuwa fundi mzuri kuliko Jeff hata nikifungwa macho.

Vilevile, yale maneno yatolewe mbele ya kamati na kukabidhiwa kwangu. Sitauliza yamekaa na nani wala yamezoeana na nini.

Mwisho, kanuni ya ubaoni irekebishwe, isomeke kwamba pikipiki iliyolala muda mrefu itajaribiwa hadi kibanda cha chai na kurudi, isije ikaleta maafa kwa wazee wengine wenye mipango yao.

Nisieleweke vibaya. Sitafuti mtu wa kunishawishi. Kaptembwo nimepazoea. Najua siku za maji na siku za kuyasubiri, najua ni mlango gani wa jirani una redio ya taarifa ya habari na ni upi una redio ya kelele. Nimesomesha watoto hapa. Nimezeeka vizuri hapa, kati ya ukuta na pikipiki. Kwa sababu hizo nasema wazi, mbele yako na mbele ya kamati nzima, kwamba Sachangwan sitarudi.

Wasalimie mafundi wa tairi, na yule wa kupaka rangi mwenye kikohozi, mwambie maji ya tangawizi. Msalimie mama wa chai, nina kikombe chake. Msalimie Jeff kwa namna ya pekee, asikate tamaa. Hata mbwa wa uwanja, yule anayelala juu ya magunia, msalimie. Gedion usimsalimie.

Ni mimi, katika masikitiko na heshima,
Joram Sitati

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshatiwa gundi. Nilikusudia kuileta kwa miguu, lakini kulikuwa na matope, nikaona heri nije kwa pikipiki. Hukuwapo uwanjani. Na kwa kuwa injini ilikuwa imeshapata joto, nikafikiri malalamiko yangu yangekuwa na nguvu zaidi kama ningeweza kuonyesha kwamba kishikio cha Gedion hakiwezi kuhimili mlima. Nilipitia nyumbani kuchukua koti. Edinah akasema hawezi kuniacha nikakusanye ushahidi peke yangu. Akapanda nyuma, juu ya ile ngozi, na sufuria yake kubwa mapajani.

Salgaa hakikuvunjika. Huku juu pia hakikuvunjika.

Kiprugut alikuwa amesimama langoni. Nikazima injini, na kabla sijafungua kinywa akaniuliza, "Imewaka?" Nikabonyeza kitufe. Nikamwambia, "Imewaka." Baada ya hapo ndipo tulipojuliana hali.

Nimelazimika kurekebisha baadhi ya maelezo niliyokupa. Kiprugut hakudanganyika hata dakika moja. Alijua kwamba yule si mimi tangu kibuyu cha kwanza, kwa sababu Gedion alisema asante, na mimi, asema, sijawahi kumshukuru kwa maziwa tangu tujuane. Alimchinjia kwa sababu pikipiki ilikuwa imefika, na pikipiki nayo ni ya nyumbani. Simu hakupiga kwa makusudi, anione nitavumilia mpaka lini. Dume langu jingine liko nyuma ya nyumba, limefungwa. Na yale maneno alimwambia Gedion kwa ajili ya mazoezi, kwa kuwa ni maneno magumu na alihofia yangemkwama siku ambayo ningekuja mwenyewe.

Leo hayakumkwama. Alinipeleka pale mlangoni, akavua kofia, akasema, "Sitati, lile jiwe lilikuwa langu."

Alfajiri ile ya Machi, wakati nilikuwa naamsha watoto, alikuja akalipiga kava la pikipiki ili nisiweze kuondoka. Alidhani angetuficha kwake mpaka mambo yapoe. Jua lilipochomoza akaona moshi upande wa pili wa bonde, akaelewa kwamba hawezi kumficha mtu. Ndipo akaja kukisukuma alichokivunja.

Kwa hiyo Gedion hana hatia, na alama aliyoiona ipo. Nafuta malalamiko yangu yote dhidi yake, isipokuwa la kondoo, na kuyaelekeza kwa Kiprugut. Ni mashtaka mazito. Itabidi ayajibu moja baada ya jingine, hapa mlangoni, kila ng'ombe wanapomaliza kukamuliwa, na kesi ya namna hii haisikilizwi kwa simu. Tayari ameanza kukana baadhi.

Barua utaipata kwa dereva wa lori la viazi. Lori hilo hupanda likiwa tupu, basi mwombe Gedion alipakie vitambaa, makochi na vitabu vyangu. Yeye njia anaijua. Kikombe cha mama wa chai kiko dirishani. Mwenye nyumba umwambie chumba kiko wazi, sebule yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kaptembwo sitarudi.